Mama Ann, Jaji wa Jumamosi

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Gakii alijifungia bafuni, akafungua bomba la maji mpaka mwisho, akacheka. Alicheka huku ameshika ukingo wa sinki, machozi yakimtoka. Mumewe James, ambaye alikuwa nesi na saa hizo ndiyo kwanza anavua viatu vya zamu, alimgongea mlango akiuliza, "Bado hujamaliza?" Naye akajibu kutoka ndani, "Ngoja kidogo, kuna kengine kanakuja." Kisha alitoka uso mkavu kama sahani iliyopanguswa, akachukua mkoba, huyo, stesheni ya Queensbury.

Hakuwa na wazimu. Yale yalikuwa maandalizi ya kazi. Gakii alizaliwa na kicheko kisicho na breki. Hakuwa mtu wa kudharau watu, hapana. Ni kwamba kitu kidogo tu, wakili amekalia joho la mwenzake, au shahidi mzee amejibu "naam" kabla ya kuulizwa, na kicheko kilimpanda kutoka tumboni kama soda iliyotikiswa. Na kwa bahati yake, kazi zote alizofanya London zilikuwa ndani ya vyumba ambavyo mtu hatakiwi kucheka. Kwa hiyo alikuwa anakimaliza kicheko nyumbani, kile cha siku nzima, halafu anaenda na kichwa kitupu.

Alitoka Meru kuja kusomea unesi kama James. Siku ya kwanza ya kuona damu alianguka, na aliyemwokota ndiye James. Unesi ukaishia hapo, ndoa ikaanzia hapo. Baada ya kuhangaika kidogo akapata kazi kortini, kazi ya mlangoni. Ulivaa joho jeusi, ukasimama nje ya chumba cha korti, ukaita majina ya watu kwa sauti, ukawaonyesha mashahidi mahali pa kusimama na kitabu cha kuapia. Ikishaanza kesi unakaa pembeni kimya.

Hapo pembeni ndipo alipoharibikiwa. Alipenda kesi vile watu wengine wanavyopenda mpira. Jioni, James akiwa anakula, alimwigizia korti nzima jikoni: mara yeye ndiye mwizi, mara ndiye askari anayesahau, mara ndiye wakili anayevuta suruali. Aliyemwigiza kwa heshima alikuwa mmoja tu, jaji. Jaji hakuingia kwa mlango wa watu. Nyuma ya kiti kile cha juu kulikuwa na mlango wake mwenyewe, watu wote wanasimama, mlango unafunguka, anaingia, anainamisha kichwa, anakaa. Gakii aliuangalia mlango ule kila siku. Alijua jinsi ya kuwafungulia watu ule wa mbele. Alitaka siku moja aingie kwa ule wa nyuma.

"Sasa badala ya kunipigia kelele na wali wangu," James akamwambia jioni moja, "si ukasome?"

Akaenda kusoma. Mchana anaita majina, jioni yuko darasani, na ndani ya treni ya kurudi nyumbani analala. Alikuwa akipitiliza Queensbury akaamkia Stanmore, mwisho wa reli, hata wafagiaji wa treni wakamzoea. "Leo umesoma nini?" wanamuuliza wakimwamsha na ufagio. Anawaeleza. Mmoja wao, Mghana, alisema akifukuzwa kazi ataweza kujitetea mwenyewe.

Sehemu iliyomfurahisha kuliko zote ni kwamba kwa taratibu za Waingereza wa enzi hizo, hukuwa wakili wa kusimama kortini mpaka umekula chakula cha jioni na mawakili wenzako mara kadhaa, kwenye ukumbi mkubwa wenye picha za wazee wenye mashavu mekundu.

"Yaani mtihani wenyewe ni kula?" James akauliza. "Hiyo kozi hata mimi ningepita."

"Unakula na kisu na uma kwa kila kitu. Hata mkate."

"Basi ningeanguka."

Gakii akala, akapita, akavishwa joho lingine jeusi, hili la wakili, na akapata mzee wa kumfundisha kazi, ambaye alitembea mbele akipiga miluzi na yeye nyuma amebeba vitabu. Wakati huo Ann alikuwa ameshazaliwa, na huko kwetu ukishazaa jina lako unaliacha mlangoni. Watu wote wa Kingsbury na Queensbury wakamjua kama Mama Ann. Jina la Gakii likabaki la James na la korti.

Shida ikawa wigi. Wakili wa Kiingereza huvaa wigi la nywele za farasi, lenye misokoto midogo pembeni, na lilitengenezwa kwa kichwa cha Mwingereza mwenye nywele laini. Nywele za Gakii zilikuwa nyingi na zenye msimamo. Akilivaa, baada ya muda wigi linapanda lenyewe taratibu kama mkate unaoumuka. Jaji mmoja alikuwa anaongea naye akiliangalia linavyopanda. Ilibidi Gakii ajifinye paja.

Jumamosi moja akalitia wigi kwenye mfuko wa plastiki, akashuka Kingsbury Road. Huko kulikuwa na duka la sari la Kalpana, na nyuma ya duka, ukipita katikati ya vitambaa vinavyokupapasa uso, kulikuwa na chumba ambacho Kalpana alimpangisha Bijou, Mkongomani wa Bukavu, kilichokuwa saluni. Bijou alikuwa mwanamke wa mwili, mwenye mikono ya haraka na maneno ya haraka zaidi. Aliposikia shida yenyewe alilitoa lile wigi mfukoni, akalivaa yeye kwanza, akajitazama kwenye kioo.

"Hii ni mukia?"

"Ni nywele za farasi."

"Mama, bale Wazungu banakulipa juu ya kuvaa farasi ku kichwa?"

Kalpana akachungulia kutoka dukani. Alizaliwa Kisumu na alipenda kila mtu ajue. "Bijou, vua hiyo kitu, utapata kesi bure."

Bijou akamsuka mistari myembamba, imelala chini kabisa, inaelekea nyuma na kukutana shingoni. Wigi likakaa tuli, hata ukiinama. Ilichukua nusu siku. Na ndani ya hiyo nusu siku, Gakii akiwa ameketi kwenye kochi la chini la Bijou, kichwa ameinamisha katikati ya magoti yake, wakaingia wanawake wawili wa kwaya wakigombana. Kwaya ilinunua kitambaa kimoja cha sare, na mmoja wao alishona cha kwake kikaonyesha magoti. Kila mmoja alisema juu ya mwenzake, Bijou naye akasema juu ya wote, na Kalpana kutoka dukani akasema kitambaa chenyewe hakikuwa kizuri, angewauzia kingine.

"Aseme mmoja," Gakii akasema kutoka chini. "Amalize. Halafu mwingine."

Bijou akampa wa kwanza kitana chake kikubwa cha mbao akishike. "Mwenye kitana ndiye anasema. Asiye nacho, afunge."

Yule wa kwanza akasema mpaka akamaliza, na alipomaliza akaonekana kama mtu aliyetua mzigo. Wa pili akasema. Gakii, shingo ikimuuma, akaamua kwamba kitambaa kilichobaki kishonwe pindo, kiongezwe chini, na aliyelalamika ndiye ashone. Wakacheka, wakakubali, wakaenda. Pengine hawakuwahi kusikilizwa hadi mwisho na mtu yeyote tangu watoke kwao.

Ikawa ndiyo hivyo. Kila mara Mama Ann alipokwenda kusukwa, watu walikuwa wameshajipanga kwenye benchi na magomvi yao: nani alialikwa na nani hakualikwa, mtoto wa nani alivunja dirisha la nani, nani alimwazima nani sufuria kubwa ya harusi ikarudi na tundu. Wakenya, Wakongomani, hata majirani wa Kalpana wa Kihindi, ambao nao waliongea Kiswahili cha Nakuru kisicho na mapambo. Aliyeshindwa aliwapikia wote chai. Na kila mara kabla kitana hakijashikwa, Gakii aliuliza swali lilelile, "Hii maneno iko mahali pengine? Kwa polisi, kwa wakili, kortini?" Ikiwa iko, hakuisikiliza, kwa sababu yeye ni wakili na mambo hayo yana mipaka. Watu walijibu haipo, wakaanza.

Miaka ikaenda hivyo, naye kazini akapanda. Akatetea watu, akashitaki watu, sauti yake ikajulikana kwenye korti nyingi za London. Mwaka wa 2004 akafanywa jaji wa muda, wale wanaokaa kwenye kiti wiki chache kwa mwaka huku bado ni mawakili. Siku ya kwanza kuingia kwa ule mlango wa nyuma alisahau kuinamisha kichwa, kisha akakumbuka akainamisha mara mbili.

Pale saluni walipiga vigelegele mpaka wateja wa Kalpana wakatoka nje na vitambaa mabegani. Wakampa jina: Jaji wa Jumamosi.

"Hiyo saluni itakuletea maneno," James akamwambia.

"Ni nywele tu na stori."

Ann, ambaye alisikia Kiswahili chote lakini akajibu kwa Kiingereza tu, akasema bila kuinua macho kwenye simu yake kwamba mama anaendesha korti ya magendo na siku moja atakamatwa. Gakii akacheka, na kwa kuwa alikuwa nyumbani, akacheka yote.

Mwaka wa 2008 akaomba ile kazi yenyewe. Jaji wa kudumu: kuacha uwakili, kukaa pale juu kila siku ya kazi, kusikiliza kesi kubwa pamoja na lile baraza la raia kumi na wawili mpaka azeeke. Walioomba walikuwa wengi na nafasi zilikuwa chache. Alijua akikosa safari ile huenda asipate nyingine. Akaitwa kwenye usaili. Na katikati, kabla ya siku ya usaili kufika, ndipo ukatokea ule mguu wa mbuzi.

Ulianzia kwenye harusi, katika ukumbi mmoja wa Queensbury. Bwana harusi Mkenya, bibi harusi Mkongomani. Mzee Hillary, mjomba wa bwana harusi, ndiye aliyechoma nyama, na kwao nyama hukatwa na mtu mmoja na kila kipande kina mwenyewe. Mshereheshaji alikuwa Baba Miradie, Mkongomani mmoja mwembamba, mchana anasafisha maofisi, Jumamosi anashika maikrofoni na kuvaa suti ya rangi ya machungwa. Baba Miradie akaona wanamuziki wana njaa, akachukua mguu mzima wa mbuzi kuwapelekea. Mzee Hillary akaushika kwa upande wa kwato. Wakavutana mbele ya keki. Mguu ukachomoka, au ulirushwa, hapo ndipo palipokuwa na ugomvi, ukampiga Mzee Hillary mdomoni, jino la mbele likaenda.

Wakafika saluni Jumamosi iliyofuata, Mzee Hillary akiongea kwa upepo. Gakii akauliza swali lake.

"Haipo popote," wakasema wote wawili.

Akasikiliza. Akaamua Baba Miradie anunue mbuzi mwingine, amchome kwa mikono yake, amkatie Mzee Hillary mguu na kumpelekea akiwa amepiga goti. Wakamla mbuzi huyo kwenye bustani ya Mzee Hillary, na Gakii akala, James akala, na Kalpana, asiyekula nyama, akaja na bakuli lake la chevda, vitafunio vya Kihindi, akakaa upande upepo unakotoka. Baba Miradie alipopiga goti, Mzee Hillary alimwinua wakakumbatiana, na kuanzia hapo wakawa marafiki wa kupigiana simu kila siku.

Ambalo hawakusema ni kwamba mlinzi wa ule ukumbi, Mwingereza, aliita polisi siku ileile. Wala hawakuficha. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Kwa hesabu yao maneno yalikwisha pale mbuzi wa pili alipoisha. Baba Miradie alishitakiwa kwa kumjeruhi mtu, akaitwa mara moja, mara mbili, akaulizwa anataka asikilizwe na nani, akasema anataka watu wengi, kwa sababu hana la kuficha. Wakampeleka kwenye korti kubwa.

Jumatatu moja Gakii alikuwa amekaa kama jaji wa muda. Asubuhi hiyohiyo jaji wa chumba cha pili akaugua, na kesi yake moja ikaletwa kwa Gakii haraka haraka. Hakupata hata nafasi ya kufungua mafaili. Aliona jina la mshitakiwa tu, Fortunat Cirhuza, na halikumwambia kitu. Akaingia kwa mlango wake, akainama, akakaa, akainua macho, na kizimbani kulikuwa na suti ya rangi ya machungwa.

Baba Miradie. Miaka yote ile hakuwahi kumjua kwa jina lingine. Naye, kwa uso ulivyomng'aa, ilikuwa wazi kwamba hakuwahi kujua Mama Ann anaitwa nani huko kortini.

"Aa, Mama Ann," akasema kwa sauti ya harusini. "Mungu asifiwe. Bon, hatuna tena shida."

Karibu yake alisimama mkalimani, Mzee Mahmood wa Mombasa, mtu wa kanzu nyeupe chini ya koti, ambaye alikuwa ameapa kutafsiri kila neno na alikuwa mtu wa kiapo. Akawageukia mawakili, akatafsiri kwa Kiingereza kilichonyooka, taratibu kama msomaji wa habari: mshitakiwa anamsalimu mama yake Ann, anamshukuru Mungu, na anaona kwamba shida zimekwisha.

Wakili wa mashitaka, dada mmoja mdogo anayeitwa Dinah, akageuka kumtafuta mama yake Ann kwenye viti vya nyuma.

"Bwana Cirhuza," Gakii akasema kwa Kiingereza, "tafadhali usiseme kitu kwanza."

"Hapana Mama, minabaambia tu. Hii kesi ulishaikata kule kwa Bijou. Mbuzi ilishaliwa."

"Mshitakiwa anasema," Mzee Mahmood akatangaza, "kwamba Mheshimiwa alikwisha kuiamua kesi hii nyumbani kwa Bijou, na kwamba mbuzi amekwisha kuliwa."

Dinah akasimama polepole. Akafungua faili, akalifunga. "Mheshimiwa, upande wa mashitaka una mguu mmoja tu wa mbuzi. Hatuna habari za mbuzi mwingine."

Gakii alielewa lugha zote mbili, kwa hiyo kila neno lilimfikia mara mbili, na mara ya pili ndiyo ilikuwa mbaya. Kicheko kilikuwa kimeshafika kifuani. Akauma ulimi. Akajifinya paja. Wakati huohuo mlango wa mbele ukafunguka, na kichwa cha Mzee Hillary, aliyeambiwa angoje nje kama shahidi, kikaingia.

"Kumbe ni Mama Ann?" akasema. "Basi mimi narudi kazini."

Mzee Mahmood akavuta pumzi ili atafsiri na hilo. Gakii akasimama, akasema korti inapumzika, akatoka kwa mlango wa nyuma, na kule kwenye ujia, ameegemea ukuta, wigi mkononi, akacheka bila sauti mpaka akachuchumaa.

Kisha kikaisha ghafla, na ubaridi wa sakafu akausikia. Ameketi kama jaji mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikwisha kumhukumu. Alikula nyama ya hukumu yenyewe. Na usaili wa kazi aliyoitaka tangu anaita majina mlangoni unakuja.

Akarudi, akasema yote wazi mbele ya watu: namjua huyu, namjua na yule aliyechungulia, shauri lao nililisikia saluni bila kujua kwamba polisi wamelichukua, na mbuzi nilikula. Sifai kuisikiliza kesi hii. Ikapelekwa kwa jaji mwingine. Huko Mzee Hillary aliapa, akaulizwa nani alianza, akasema kwa haki ya Mungu yeye ndiye aliyevuta kwanza na mikono ilikuwa na mafuta. Wale raia kumi na wawili walikwenda kushauriana wakarudi kabla chai yao haijapoa. Baba Miradie akaachiwa, akawapungia mkono wote kwa zamu.

Jaji mkubwa wa jengo, mzee mwenye nyusi kama brashi, akamwita Gakii ofisini kwake, akamsogezea biskuti.

"Nimesikia umekula kielelezo."

"Kielelezo kilikuwa mbuzi wa kwanza. Mimi nilikula wa pili."

Mzee akatafuna. "Mimi nacheka kama wewe. Lakini mtu akija kwako Jumamosi, halafu aje kwako Jumatatu, atajuaje unamwangalia kwa macho ya siku gani? Na mwenzake je, yule asiyeijua hiyo saluni? Nenda ukawaambie wale wa usaili mwenyewe, kabla sijawaandikia mimi."

Siku ya usaili alicheka bafuni mpaka James akamletea maji. Haikusaidia. Walikuwa watatu nyuma ya meza, na walipomuuliza kama kuna jambo wanalopaswa kulijua, akaanza kueleza kwa uso mkavu. Mguu, jino, bustani. Alipofika kwa Mzee Mahmood na lile neno la mama yake Ann, sauti ikamtoroka. Akacheka. Akasema samahani, akacheka tena. Mama wa katikati akashika mdomo, mwenzake wa kushoto akavua miwani kujifuta. Kwa muda kidogo meza yote ilitikisika.

Wa kulia hakucheka. Alingoja wamalize.

"Na hiyo saluni," akauliza, "utaendelea nayo?"

Gakii akafungua mdomo aseme wale ni watu wangu, ni nywele tu na stori. Akaona kwamba ndilo jibu alilompa James, na ndilo lililomleta hapa.

"Nikipata kazi hii, siendi tena."

"Hata kusuka nywele?"

Swali lile lilimchoma mahali asipopategemea.

"Hata kusuka," akasema. "Huko hawawezi kunisuka bila kuniambia kitu. Na mimi siwezi kusikia nikakosa kuamua."

Akaandika kitu, yule wa kulia. Basi.

Simu ilimkuta Kingsbury Road, mkononi ana bamia ambazo alikuwa akizichagua moja moja. Wakamwambia amepata. Akauliza mara mbili. Kisha akamkumbatia Suresh, mwenye duka la mboga, na bamia zake, akazunguka naye katikati ya matenga ya ndizi, naye Suresh, ambaye hakujua ni kwa ajili gani, akazunguka vizuri tu. Akamkumbatia na mama mmoja aliyekuwa anangoja kulipa. Akapanda basi lisilo lake, akashukia Neasden, akarudi kwa miguu hadi Kingsbury akicheka barabarani mchana kweupe, na watu wakampisha.

Jumamosi akaenda kuwaambia. Alipopita katikati ya sari alisikia kimya cha watu wengi wanaojizuia, kisha vigelegele vikapasuka. James alikuwa ameshavujisha habari. Kalpana alikuwa amefunika kile kiti cha kukaushia nywele kwa kitambaa cha dhahabu, Bijou amevaa kitenge kipya, na Baba Miradie alikuwa na maikrofoni isiyounganishwa na kitu chochote.

"Mabibi na mabwana," akasema, "Jaji wa Jumamosi, Jumapili, na siku zote."

Gakii akawaambia akiwa amesimama. Akasema amepata, na amepata kwa neno alilotoa, kwamba hapa haji tena. Leo ndiyo mwisho.

Maikrofoni ikashuka.

"Unatuacha juu ya bale Wazungu?" Bijou akauliza.

"Simwachi mtu juu ya mtu, Bijou. Nakitaka kile kiti. Siku zote nilikitaka."

"Mwacheni aende, bana," Kalpana akasema. "Si sisi tulikuwa tunaomba mmoja wetu akae kule juu? Sasa amekaa. Mnataka akae na hapa pia, na kichwa ni kimoja?"

Bijou akaguna. Akalivuta lile kochi lake la chini. "Keti. Nikusuke mara ya mwisho. Kusuka tu. Hakuna mutu ataleta kesi."

Akaketi. Vidole vya Bijou vikaanza upande wa kushoto, na kwa muda ikawa raha tupu, watu wakimtania, Kalpana akimuuliza kama majaji huruhusiwa kuvaa sari ndani ya joho. Kichwa kilikuwa kimefika nusu, mistari upande mmoja, upande mwingine nywele zimesimama, ndipo Mzee Hillary, aliyekuwa pale benchini, akasema, kwa upole, kwamba ile sherehe ya kumpongeza Mama Ann, mbuzi atachoma yeye.

"Hapana, Mzee," Baba Miradie akasema. "Mara ya mwisho nilichoma mimi, na ulisifu."

"Nilisifu kwa sababu jaji aliamuru."

"Mama, unasikia huyu?"

"Muulize," Mzee Hillary akajibu. "Muulize nani anajua kuchoma."

"Ashike kitana," mtu akasema kutoka benchini, na mwingine akacheka, na kitana kikaanza safari yake kutoka mkono hadi mkono, na chumba kizima kikainama mbele kama zamani. Gakii alikuwa na jibu tayari. Lilikuwa jepesi, lingewaridhisha wote wawili, na lilikuwa tamu, lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi.

Akainuka. Vidole vya Bijou vikabaki hewani na nyuzi zake.

"Nusu, Mama," Bijou akasema. "Uko nusu."

"Najua."

Akamshika Bijou mashavu yote mawili, akayaminya. Akachukua mkoba. Akapita katikati ya sari nyekundu na za kijani, Kalpana akamshikia mlango, nje jua la Kingsbury Road likampiga upande uliosukwa na ule usiosukwa. Suresh aliyekuwa anapanga maembe akamwangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Nyuma yake sauti ya Baba Miradie ilikuwa inauliza sasa nani ataamua, na ya Bijou ikamjibu, kwani mwenye kochi ni nani. Gakii akavuka barabara kwenye taa, kichwa juu, akaingia kwenye basi. Hakurudi tena.